Wilson Hakuwa Bwana: Kampuni ya Miaka Kumi na Uwanja Uliobaki na Jina

Makanga wa matatu za Barabara ya Lang'ata hulitaja jina hilo kutwa nzima. "Wilson! Wilson yuko?" Abiria hugonga bodi, gari husita, na mtu huteremka na begi lake mbele ya lango la uwanja ambako ndege ndogo huruka na kutua tangu alfajiri. Ukimuuliza makanga huyo Wilson alikuwa nani, atakisia: Mzungu fulani, bwana mwenye ndege, pengine rubani wa vita. Mzungu ni kweli. Bwana, la. Aliyeuachia uwanja huo jina ni Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi mwaka 1929, wakati ambapo wakazi wengi wa mji huo walikuwa hawajawahi kuigusa ndege kwa mkono.

Kampuni yake, Wilson Airways, ilidumu miaka kumi na ushei, kisha vita vikaimeza. Haikufufuliwa. Ndege zake zilitawanyika, na marubani mashuhuri wa zama zake walifia mbali au waliandika vitabu vilivyowafanya wajulikane kuliko mwenye kampuni. Hata hivyo, karne ikikaribia kutimia, kazi aliyoibuni mama huyo bado inafanywa kila siku palepale: kuchukua watu wachache, dawa, barua au mzigo unaoharibika upesi, na kuufikisha mahali ambapo barabara haifiki au inachelewa. Historia inayofuata ni ya kazi hiyo.

Kabla ya 1929: mji wa reli

Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899, na kwa miaka thelathini kila kitu chenye haraka kilikwenda kwa mwendo wa gari moshi. Kutoka Mombasa ni kilomita zipatazo 530 za reli, usiku mzima na zaidi. Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, palikuwa lango la Ziwa Victoria na Uganda. Mwenye shughuli Dar es Salaam au Unguja aliteremka Mombasa na kungoja meli. Barua ya Uingereza ilipita Mfereji wa Suez na kuchukua takriban wiki tatu, na jibu lake wiki tatu nyingine. Nje ya reli kulikuwa na barabara za udongo, na msimu wa masika udongo mweusi wa tambarare za Athi hushika gurudumu kama gundi. Mgonjwa aliyekuwa mbali na stesheni aliachiwa Mungu.

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya ilifika kwa meli, ndani ya masanduku. Ilikuwa de Havilland DH.51, mali ya John Carberry, mlowezi kutoka Ireland, nayo ilipaa kwa mara ya kwanza nchini tarehe 4 Aprili 1926. Ikaitwa Miss Kenya. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha warushaji ndege, Aero Club of East Africa, ambacho kingali hai. Mwaka huohuo wa 1927 rubani Gladstone alijaribu kuanzisha safari za barua kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ya kutua majini iliyoitwa Pelican. Jaribio halikufika mbali: ndege iligonga kitu kilichokuwa kikielea majini ikavunjika.

Kisha ikaja ajali iliyoutikisa mji. Machi 1928 Maia Carberry, mke wa John na rubani mwanamke wa kwanza katika koloni hilo, alianguka na ndege Nairobi akafa. Mwaka mmoja na miezi michache tu baadaye, mwanamke mwingine wa mji huohuo akaamua kutia fedha zake katika biashara ya ndege. Ujasiri huo haupimwi vizuri mpaka uziweke tarehe hizo mbili pamoja.

Waswahili kwa upande wao hawakuhangaika na jina la chombo hicho kipya. Wapo waliosema eropleni, lakini neno lililoshinda ni lile lililokuwapo tangu zamani kwa kunguru na njiwa. Mpaka leo lugha hii haitofautishi, na haijawahi kuleta utata: hakuna anayekwenda uwanja wa ndege akitarajia kukuta mbuni.

Julai 1929: mjane na rubani

Florence Wilson alikuwa amefiwa na mumewe, Meja Wilson, mwaka 1928. Mshirika wake katika mradi alikuwa Tom Campbell Black, Mwingereza aliyezaliwa Brighton mwaka 1899, rubani wa Vita Vikuu vya Kwanza aliyehamia Kenya. Black hakuwa mgeni wa anga la nchi hii. Mwaka 1928 alikuwa mmoja wa watu watatu walioinunua Miss Kenya kutoka kwa Carberry, na alikwisha kujua ni wapi mtu anaweza kutua kati ya Nairobi na pwani bila kuvunja magurudumu.

Kampuni iliundwa tarehe 31 Julai 1929. Majukumu yaligawanywa kwa namna iliyoeleweka: mama alitia mtaji na kushika dira ya kampuni, Black akawa mkurugenzi mtendaji na rubani mkuu. Walianza na Gipsy Moth, ndege ya viti viwili. Muda si mrefu ziliongezwa Avro Five mbili, za injini tatu, zenye nafasi ya abiria wanne. Zilipewa majina ya kishujaa: Knight of the Mist na Knight of the Grail.

Tuseme wazi biashara hiyo ilikuwa ya nani. Tiketi ilikuwa ya afisa wa serikali, mlowezi, mfanyabiashara na mtalii wa uwindaji. Mwafrika alikutana na ndege kwa upande wa chini: kufyeka nyasi za kiwanja, kufukia mashimo ya ngiri, kusukuma ndege hadi kivulini, kubeba madebe ya petroli. Kumbukumbu za kampuni za wakati ule zimehifadhi majina ya marubani, na hata ya ndege zenyewe, kuliko ya watu hao. Bila wao hapakuwa na mahali pa kutua.

Mwaka wa kuanza nao ulikuwa mbaya. Oktoba 1929, miezi mitatu baada ya kuandikishwa kampuni, soko la hisa la New York liliporomoka, na bei za kahawa na mkonge, mazao yaliyolisha uchumi wa Afrika Mashariki, zikafuata. Wenye mashamba waliokuwa wakitegemewa kuwa abiria wakaanza kuhesabu senti.

Ndege ya mbao na kitambaa

Msomaji aliyezoea Dash 8 au Cessna Caravan anahitaji kuiona Gipsy Moth kwa karibu. Mwili wake ni mbao na plaiwudi. Mabawa, mawili juu ya mawili, ni mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikigongwa kwa kidole kinalia kama ngoma. Injini ina nguvu za farasi 100, pungufu ya magari mengi madogo yanayopiga foleni leo Lang'ata. Mabawa hukunjwa kwa nyuma kama ya panzi ili ndege iingie kwenye banda. Rubani na abiria hukaa mmoja nyuma ya mwingine, vichwa nje, upepo usoni.

Kuiwasha kulihitaji watu wawili. Rubani hukaa kwenye kiti. Fundi husimama mbele, huishika rafadha ya mbao kwa mikono miwili, huizungusha taratibu ili injini ivute mafuta, kisha wanaitana, rubani anafungulia umeme, na fundi anaivuta rafadha kwa nguvu huku akirudi nyuma. Kurudi nyuma si adabu. Ni kuokoa mikono.

Petroli ilikuja kwa debe, lile la galoni nne ambalo kila nyumba ya Afrika Mashariki ililijua baadaye kama chombo cha maji au kipimo cha mahindi. Madebe mawili yaliingia sanduku moja la mbao. Mafuta yalimiminwa kwenye tangi kupitia ngozi laini iliyotandikwa juu ya faneli, kwa kuwa ngozi hiyo hupitisha petroli na kuzuia maji. Tone la maji katika injini, ndege ikiwa juu ya nyika ya Taru njiani kwenda Mombasa, halina msamaha.

Kisha kuna suala la urefu. Uwanja wa Nairobi uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini hupata hewa kidogo, mabawa hushika kidogo, na ndege iliyopaa kwa urahisi Mombasa hukimbia muda mrefu zaidi Nairobi kabla ya kuachana na ardhi. Joto la mchana huongeza shida. Ndiyo maana marubani walipenda kuondoka asubuhi na mapema, desturi ambayo wenzao wa leo wanaishika kwa sababu ileile.

Njiani hapakuwa na mnara wala redio ya kuwaongoza. Kwenda pwani rubani alifuata reli. Kwenye viwanja vya porini alipita kwanza chini kwa kelele kuwatawanya pundamilia na nyumbu, akatazama moshi wa moto uliowashwa kumwonyesha upepo unakotoka, akazunguka, ndipo akatua. Ajali ya Mei 1931, pale Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani wa ndege yake mwenyewe, alipoanguka Voi mara tu baada ya kupaa, iliwakumbusha wote kwamba hata aliyeijua nchi hakuwa na kinga.

1930–1936: barua na njia ya pwani

Kilichoipa kampuni uhai ni barua. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia kutoka London hadi Mwanza kupitia Misri, Sudan na Kisumu. Kwa mara ya kwanza barua ya Uingereza ilifika Ziwa Victoria kwa siku badala ya wiki. Lakini kufika Kisumu si kufika Nairobi, wala Mombasa, wala Unguja. Hapo ndipo Wilson Airways ilipopata nafasi yake: ndege kubwa ya ng'ambo ilete, ndege ndogo ya hapa igawe.

Januari 1932 Imperial iliendeleza njia hadi Cape Town, ikipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Wilson Airways ikashika pwani: kutoka Nairobi hadi Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Kwenye ramani ni mstari mfupi. Kwa mtu wa Unguja aliyehesabu safari kwa ratiba za meli, ulikuwa muujiza wa kuondoka asubuhi na kulala Nairobi.

Sehemu ya pili ya mapato ilikuwa safari za kukodi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, watu walimiminika Nyanza, na wenye fedha hawakutaka kungoja gari moshi. Wawindaji matajiri waliokuja safari za tembo na simba walikodi ndege kuwafikisha kambini. Maafisa walikodi kukagua wilaya za mbali. Na mgonjwa mahututi, kiti kikiondolewa, aliweza kulazwa ndani ya ndege akafikishwa hospitali. Huduma hiyo ya mwisho haikuwa na idara wala jina. Ilifanywa ilipohitajika.

Ndege nazo zilibadilika. Puss Moth ilileta kibanda kilichofunikwa, hivyo abiria akafika bila mdudu usoni. Katikati ya miaka hiyo ikaja Dragon Rapide, ya injini mbili za nguvu za farasi 200 kila moja, ikibeba abiria sita hadi wanane kwa mwendo wa takriban kilomita 210 kwa saa. Rapide ndiyo iliyoifanya kampuni iwe shirika lenye ratiba, maana ilikuwa na nafasi ya abiria na magunia ya barua kwa pamoja.

Makao ya kampuni yalikuwa kiwanja cha Nairobi West, kusini mwa mji, ukingoni mwa tambarare ambazo mwaka 1946 zingetengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Njia ya kurukia ilikuwa udongo mtupu.

Marubani wa zama zile

Tom Campbell Black alikuwa aina ya rubani ambaye gazeti humpenda. Mwaka 1931 alimwokoa Mjerumani Ernst Udet, shujaa wa vita wa upande wa pili, aliyekuwa amekwama na ndege yake katika vinamasi vya Nile kusini mwa Sudan. Mwaka 1932 aliondoka Kenya akawa rubani wa tajiri mmoja Uingereza. Oktoba 1934, yeye na rubani mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa takriban saa 71. Miaka miwili baadaye, Septemba 1936, alikuwa ameketi ndani ya ndege yake ndogo ardhini katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitembea uwanjani ilipomgonga. Mtu aliyevuka Sahara na bahari alifia ardhini.

Mwanafunzi wake wa Nairobi aliyejulikana zaidi ni Beryl Markham. Alipata leseni ya kwanza mwaka 1931, na mwaka 1933 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya biashara. Alifanya kazi kwa kujitegemea: kubeba abiria, kupeleka dawa, kutafuta makundi ya tembo kwa ajili ya wawindaji. Kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, kinafungua na safari ya usiku ya kupeleka mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa wa mgodi wa dhahabu Nungwe, Tanganyika. Septemba 1936, wiki mbili tu kabla ya kifo cha mwalimu wake, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi na kuangukia matopeni huko Nova Scotia, Kanada, akiwa hai.

Umaarufu wa hao wawili umemfunika mama aliyetoa fedha. Ndivyo ilivyo katika biashara ya ndege, watu humkumbuka aliyeshika usukani. Lakini wote wawili waliondoka, na ratiba ya Mombasa haikusimama.

1937–1939: kilele

Mwaka 1937 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kusafirisha barua zote za daraja la kwanza za himaya yake kwa ndege. Imperial Airways ilileta ndege kubwa zenye tumbo la mashua, zinazotua majini, na kuihamisha njia kuu ya kusini: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji hadi Durban. Miji ya bara iliyokuwa ikipitiwa tangu 1932, ya Moshi, Dodoma na Mbeya, ikaachwa kavu.

Pigo kwa miji hiyo likawa riziki kwa kampuni. Wilson Airways ilichukua njia ya bara, kutoka Kisumu na Nairobi kupitia Moshi, Dodoma na Mbeya mpaka Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kampuni iliyoanza na ndege ya viti viwili sasa ilikuwa na njia inayovuka Tanganyika yote. Kilichofanya njia hiyo ilipe ni mkataba wa barua. Abiria peke yao wasingeiweza, na wala hawajaiweza njia ya namna hiyo mahali pengi Afrika hadi leo.

1939–1945: vita

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ya koloni ilizichukua ndege na watu. Marubani na mafundi wa Wilson Airways wakawa kiini cha Kenya Auxiliary Air Unit, kikosi kilichofanya kazi za upelelezi, mawasiliano na kubeba maafisa. Italia ilikuwa Ethiopia na Somalia, jirani kabisa, na Juni 1940 nayo iliingia vitani. Ndege za mbao zilizobeba barua za Unguja zikapakwa rangi za kijeshi.

Kiwanja cha Nairobi West kilitumiwa na jeshi la anga. Shughuli za kibiashara za kampuni zilikoma mwaka 1940.

1946–1977: mrithi mkubwa, uwanja mdogo

Amani iliporudi, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar hazikutaka kampuni ya mtu binafsi. Ziliunda shirika la pamoja, East African Airways, lililoanza kuruka tarehe 1 Januari 1946. Lilianza na ndege sita, zote Dragon Rapide, aina ileile aliyoiacha Mama Wilson, na njia zake za mwanzo zilifuata nyayo zilezile za pwani na ziwa. Shirika hilo lilikua mpaka kumiliki ndege za jeti, kisha likasambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na kila nchi ikaunda lake.

Ndege kubwa zilihamia kwingine: kwanza Eastleigh, kisha uwanja mpya wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958, ambao tangu 1978 unaitwa Jomo Kenyatta. Nairobi West ungeweza kufa. Badala yake ulibaki na kazi ambayo viwanja vikubwa haviipendi: ndege ndogo, shule za urubani, safari za kukodi, polisi, wamishonari. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, uwanja ulipewa jina la Wilson. Baada ya uhuru barabara na mitaa mingi yenye majina ya walowezi ilibadilishwa. Hili lilisalimika, pengine kwa sababu wengi walikwisha kusahau ni la nani.

Tangu 1957: daktari anayeruka

Ile huduma ya kubeba wagonjwa isiyo na idara ilipata idara mwaka 1957. Madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao wa Afrika Mashariki, shirika linalojulikana leo kama AMREF. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mpasuaji mmoja mwenye ndege huweza kufika hospitali kadhaa za misheni kwa wiki, wakati mwenye Land Rover angefika moja. Redio ziliwekwa kwenye vituo vya mbali, na Wilson ikawa mahali ambapo wito wa usiku unapokelewa.

Mwaka 1964 alijiunga nao Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyekuwa rubani pia. Aliruka peke yake kwenda Lamu na vijiji vya kaskazini, akichanja watoto chini ya bawa la ndege, na watu wakamwita Mama Daktari. Alifanya kazi hiyo hadi uzeeni, na alifariki mwaka 1999.

Miaka kwa ufupi

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1926 | Miss Kenya yapaa kwa mara ya kwanza nchini |
| 1927 | Aero Club of East Africa yaundwa |
| 1929 | Wilson Airways yaanzishwa Nairobi, 31 Julai |
| 1931 | Njia ya barua ya London hadi Mwanza yafunguliwa |
| 1932 | Campbell Black aondoka. Imperial Airways yafika Cape Town |
| 1937 | Ndege za majini zapita pwani. Wilson Airways yafika Lusaka |
| 1939 | Ndege na wafanyakazi wachukuliwa kwa ajili ya vita |
| 1940 | Shughuli za kampuni zakoma |
| 1946 | East African Airways yaanza kuruka |
| 1957 | Huduma ya madaktari warukao yaanzishwa |
| 1958 | Uwanja wa Embakasi wafunguliwa |
| 1962 | Nairobi West wapewa jina la Wilson |
| 1989 | Misaada ya Sudan Kusini yaanza kupitia Lokichoggio |

Uwanja leo

Wilson ina njia mbili za kurukia zinazokatizana, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 1,500, na pande zake nyingi mji umesogea. Asubuhi huondoka watalii kwenda Maasai Mara, Amboseli, Samburu, Lamu na Ukunda. Wakati wa operesheni kubwa ya misaada ya Sudan Kusini iliyoanza 1989, ndege za hapa zilikuwa mguu mmoja Nairobi na mwingine Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan. Kampeni za uchaguzi zikifika, helikopta huwa adimu kuliko tiketi za fainali.

Na kuna miraa. Huchumwa Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba, na pikapu hushuka nayo kwa mwendo ambao askari wa barabarani wanaufahamu, maana nguvu ya jani hupungua ndani ya siku mbili. Kwa miaka mingi ndege zilizojaa magunia hayo zimepaa Wilson kuelekea Mogadishu. Somalia ilipofunga soko Machi 2020, maegesho ya mizigo yalinyamaza. Lilipofunguliwa tena Julai 2022, magunia yalirudi. Mzigo unaoharibika upesi, mahali pasipofikika kwa barabara, mteja anayelipia saa: mjane wa 1929 angeielewa biashara hiyo bila kuelezwa, ingawa huenda asingeipenda harufu yake.

Msongamano una bei. Machi 2024 ndege ya abiria na ndege ya mafunzo, zote zilizotoka Wilson, ziligongana hewani juu ya Hifadhi ya Nairobi. Ya abiria ilirudi salama. Wawili waliokuwa ndani ya ile ndogo walikufa. Mjadala kuhusu shule za urubani na ndege za ratiba kugawana anga moja dogo ulikuwapo kabla ya siku hiyo, na haujaisha.

Anayetaka kuiona ndege ya zama za mwanzo hatakutana nayo ndani ya lango la Wilson. Miss Kenya, ile aliyoimiliki Campbell Black mwaka mmoja kabla ya kampuni kuundwa, ilirudishwa Uingereza mwaka 1965. Iko Old Warden, kaskazini mwa London, DH.51 pekee iliyobaki duniani, na bado inaruka. Imerudishiwa herufi zake za usajili za huko, G-EBIR, lakini jina la Miss Kenya halijafutwa.